Mama Scholastika Aliyezuia Mvua Isiingie Magarini

Baada ya miaka ishirini na sita kwenye gereji yetu ya Gerezani, pembeni mwa Kariakoo, Mama Scholastika Athanas anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Nimeombwa mimi, Bushiri, niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote hapa. Nimekubali. Ila niseme mapema kwamba namwonea wivu, tena wivu wa siku nyingi, na sitauficha leo kwa sababu ya keki ya kumuaga.

Alikuja kama mshonaji wa viti. Magari yenye kioo cha paani yalipoanza kujaa mjini, yalikuja na karaha zake: masika yakianza, maji yanamdondokea dereva kichwani. Mafundi wengi walikimbilia silikoni, wakapaka kuzunguka kioo kama siagi kwenye mkate, na mvua iliyofuata gari likajaa maji zaidi. Mama Scholastika, aliyezoea kufumua dari na makapeti, aliona kwamba kioo hakina kosa. Kwenye pembe za fremu yake kuna mipira myembamba ya kushushia maji chini, nayo huziba kwa vumbi na majani. Wengine waliipiga upepo wa kompresa ikachomoka huko ndani. Yeye aliizibua kwa waya wa breki ya baiskeli, polepole, huku akiimba mapambio.

Kilichompa jina ni kanga. Kabla ya kukabidhi gari alitandika kanga kavu juu ya viti, akamketisha mteja ndani, akaketi naye, wakafunga milango. Mimi niko juu ya stuli, namwaga maji paani, ndoo baada ya ndoo. Ndani wanapiga soga, nje nalowa. Mteja akishuka na kanga ikiwa kavu, anamkumbatia nani? Si mwenye ndoo.

Hata kapeti lililovunda alilitendea haki. Hakuwahi kupulizia manukato juu ya uvundo. Alilitoa lote pamoja na sponji ya chini, akalifua kwa sabuni na siki, akalianika mpaka likauke kabisa, mteja apige kelele asipige.

Masika ya mwaka huu alikwenda Rombo kwenye msiba. Bi Amira, mwenye duka la vitenge hapo Kariakoo, akaleta gari lake likiwa limelowa mpaka chini ya miguu. Nililifanya mimi, peke yangu, mwanzo mpaka mwisho. Nikamketisha ndani, nikamwaga maji, halikupenya hata tone. Akashuka anacheka: "Jamani, Mama Scholastika akirudi mpeni asante zangu!"

Siku ile sikula. Mama Scholastika aliporudi alimpigia simu Bi Amira mbele yetu sote, akamweleza kuwa kazi ile ni ya Bushiri. Bi Amira akamsifu kwa moyo wake wa kuwabeba wenzake.

Nilichokitaka miaka yote ni kidogo tu: mteja mmoja aingie getini na kuuliza Bushiri yuko wapi. Jumatatu iliyopita aliingia, mwenye gari jeusi kutoka Upanga, akalitaja jina langu mara mbili. Nilivimba kichwa asubuhi nzima. Kwenye chai akaniambia ametumwa na Mama Scholastika, ambaye tangu mwezi uliopita anawapigia wateja wake mmoja mmoja, akiwaambia kwamba sasa mikono ya Bushiri ni mizuri kuliko yake. Kumbe amenishinda kazi, na roho pia amenishinda. Hapo ndipo wivu uliponikaba hasa.

Mama, asante kwa kazi yako na kwa kutuvumilia, mimi zaidi ya wote. Tunakutakia mapumziko ya amani huko Kigamboni, afya njema na wajukuu watulivu. Njoo utusalimie ukitukumbuka, ila chonde, njoo kiangazi. Masika yajayo niachie peke yangu, nijue kama uliwaambia kweli.