Mashahidi wa Kioo wa Dkt. Bonaventura Bakili Nantanga

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Gerezani na Kariakoo, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, familia inawaomba utulivu ili isomwe historia ya mpendwa wetu, kama ilivyoandikwa na binti yake mdogo, Klara, ambaye amehakiki kila tarehe mara mbili.

Dkt. Bonaventura Bakili Nantanga alizaliwa tarehe 14 Juni 1959 huko Ndanda, wilayani Masasi, mtoto wa kwanza wa Mzee Bakili, fundi wa reli, na Mama Candida, na mwaka 1962 akaletwa Dar es Salaam, katika nyumba hii hii iliyo mbele yenu, ya vyumba sita, kuta za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko.

Alisoma shule ya msingi hapa Gerezani kuanzia 1967 hadi 1973, akamaliza sekondari mwaka 1979, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1981 kusoma jiolojia, na mwaka 1988 akapelekwa Norwei kusomea fizikia ya dunia, yaani elimu ya kuipima ardhi inavyotikisika, akarejea na shahada ya uzamivu mwaka 1993, ingawa kule walimsihi abaki.

Aliajiriwa serikalini tarehe 1 Agosti 1985 na kustaafu tarehe 14 Juni 2019, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzikagua nyumba kongwe za Kariakoo na Gerezani, sitini na tatu kwa hesabu yake, akieleza kila moja ingehimili mtetemo gani na ifungwe wapi kwa mbao ili isimame. Katika kila ufa alibandika kipande chembamba cha kioo, akaandika tarehe, akakiita shahidi, kwa sababu ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo hupasuka. Ripoti yake aliikabidhi tarehe 9 Machi 2009, na orodha ya nyumba za kuokolewa ikasomwa kama orodha ya nyumba za kubomolewa, zikaanza kuvunjwa zile alizoziandika kuwa zinahitaji msaada wa haraka, na leo zimebaki kumi na moja. Hilo hakulisamehe, na familia haitasema hapa kwamba alilisamehe.

Mtaani aliitwa Bwana Tetemeko. Jirani yetu Mzee Mwinyimvua, ambaye yuko nasi hapa, alikuwa akimpigia kelele kutoka barazani kwake, "Bwana Tetemeko, linakuja lini, tufungashe?" naye akijibu bila kugeuka, "Siku siijui, mjomba, ukuta wako ndio ninaoujua." Tarehe 12 Agosti 2020, jiji lilipotikisika, watu walijaa barazani kumuuliza kama walale ndani, wakamwita Daktari kwa wiki nzima, kisha wakarudia Bwana Tetemeko. Na kila aliyemwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, alimjibu kwamba ufa husomwa kwanza, ndipo uzibwe.

Alifunga ndoa na Paskalina tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa mabinti wawili, Celina aliyezaliwa 1987 na Klara aliyezaliwa 1999.

Mwaka 2023, kiwanja cha jirani kilipochimbwa shimo la ghorofa za chini ya ardhi, aliweka mashahidi kumi na wawili katika nyumba yake mwenyewe, akawaandikia wahusika barua nne za kuwaonya, hakujibiwa hata moja. Tarehe 3 Februari 2025 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza na kauli ikapotea, na tangu siku hiyo Klara alipiga picha vioo vyote kila asubuhi na kumpelekea hospitali, naye akivitazama kimoja kimoja. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 6 Juni, shahidi wa tisa, aliyekuwa kwenye ukuta wa baraza, alikutwa amepasuka, na marehemu alipoiona picha aligonga kitanda kwa mkono wa kushoto, akagonga tena, mpaka muuguzi akaja. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku nne kabla ya kutimiza miaka sitini na sita.

Jumatano, Klara akiwa ameenda kufuatilia kibali cha mazishi, sisi ndugu wa marehemu, kwa nia ya kumpa heshima na tukiwaonea haya wageni, tulileta mafundi wakang'oa vioo vyote, wakaziba nyufa kwa saruji, wakapaka rangi nyeupe mliyoisifia mlipofika. Ndiyo maana jeneza limewekwa hapa barabarani chini ya turubai, si kwa udogo wa sebule kama tulivyowaambia, bali kwa sababu Klara amekataa baba yake apitishwe chini ya ukuta ambao hauna tena wa kuusemea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi minne, majirani, wafanyakazi wenzake waliofika, na wale waliotuma shada la maua badala ya majibu.

Kabla ya sala, waliokaa barazani na kuegemea ukuta, tafadhali simameni, msogee huku barabarani, taratibu, wazee watangulie. Tutasubiri.

Pumzika kwa amani, baba.