Daktari wa Chumba Namba Nne na Kicheko cha Wiki ya Tatu

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi wa mashine za mbao na mshona nguo. Alianza shule mwaka 1966, na wa kwanza kung'olewa jino naye, kwa uzi na kitasa cha mlango, alikuwa dada yake mdogo, huyu anayesoma wasifu huu. Dada alilia, kisha akampelekea la pili.

Alihitimu udaktari wa meno mwaka 1984, akafanya kazi chumba namba nne miaka thelathini na minne. Sifa yake ilikuwa kuokoa taya zilizobaki na mashimo baada ya meno kung'olewa. Nyama ya fizi ina pupa: huliwahi shimo kabla mfupa haujaota. Yeye alitandaza utando mwembamba katikati, akashona fizi juu yake, mfupa ukapewa miezi yake. "Nyama ni kuku, mfupa ni mbegu, mimi nafunika kitalu," aliwaambia wagonjwa. "Kazi yako wewe ni kufunga domo." Mwaka 1987 alimwoa muuguzi wa chumba hichohicho, pengine kwa sababu ndiye pekee aliyemwambia yeye afunge lake.

Februari 2023 alikutwa na uvimbe ndani ya taya. Tarehe 20 mwanafunzi wake wa zamani aliutoa, akafunika shimo kwa utando. Kaka akapewa kibao na chaki ili asifungue mdomo, na dada, ambaye mdomo wake hauna breki, akaapishwa asimchekeshe.

Karibu wiki tatu dada alijikaza. Jumapili ya tarehe 12 Machi shangazi alikuja kumwombea mgonjwa, akaomba kwa sauti hadi meno yake ya bandia yakadondoka kwenye bakuli la uji. Dada akanong'ona, "Kaka, na huyu mwekee utando."

Jamani, alicheka! Alicheka mdomo wazi mpaka machozi. Jioni mshono ulikuwa umeachia, na utando ukionekana mweupe.

Vijidudu viliingia kwenye mfupa, kisha kwenye damu. Dawa zilibadilishwa mara nne. Daktari aliyemtibu alisema mshono ulikuwa umeanza kulegea tangu Ijumaa, siku mbili kabla ya kicheko. Dada hakuamini, na bado hajaamini. Alikaa pale kitandani akimshika mguu, maana hakujua ashike nini kingine. "Nisamehe, kaka," alisema kila siku. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Aprili, kaka aliomba chaki, akaandika. Saa sita mchana akatutoka.

Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, na shangazi, ambaye hadi leo hajaambiwa kilichochekesha. Ameacha pia dada aliyekataa kukifuta kile kibao. Kimeandikwa: "Nilicheka mwenyewe. Usiache kunichekesha."

Kaka yetu apumzike salama, bila mshono wala maumivu.