Tambuu ya Bibi Dhahabu

Feri ilipoondoka Likoni, Mwanasaumu alijifanya anatazama maji, lakini masikio yake aliyaacha kwenye benchi la jirani. Pale walikaa wawili wasiojuana: Nyevu, muuguzi aliyehitimu juzi, na mama mmoja mnene aliyekwisha kumdodosa yote. Binti alikuwa amepata kazi mahali pawili, hospitali kubwa na nyumba ya wazee, na jibu lilitakiwa leo.

“Hospitali, mwanangu!” mama alisema. “Uuguzi ni kuponya. Huko utaponya nini, uzee?”

“Nilifanya mafunzo huko, mama,” Nyevu akajibu taratibu. “Palikuwa na Bibi Dhahabu, hataki chakula wala dawa. Wote wakamwita mkaidi. Kumbe kazoea kutafuna tambuu, yale majani yenye popoo, baada ya kula, na meno hana. Nikatafuta kinu kidogo, nikawa nampondea. Siku hizi anakula, dawa anameza, na vidonda vya mgongo nilivyomfunga vimepona.”

Mwanasaumu alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akakumbuka kwamba hayo hayakumhusu.

“Wallahi, mikono unayo,” mama alikiri. “Basi ipeleke hospitali!”

“Hospitali watapata wengine, mama.”

“Na wewe ni mkaidi kama huyo bibi yako!”

Feri ikafika ng’ambo, mlango ukashushwa, na wale wawili wakashuka wakiwa bado wanabishana. Mwanasaumu alipitisha ulimi kwenye fizi zake, zilizobakiwa na magego mawili tu, akamwombea binti yule Mungu amzidishie ukaidi.