Rejista Isiyo na Mgonjwa

Benchi letu liko ng'ambo ya geti la halmashauri, na mguu wake mmoja ni matofali. Mama Kahawa anauza kahawa, mimi nashona viatu pembeni yake, na Katiba, karani mstaafu wa hapo hapo halmashauri, huja kusoma gazeti ambalo hajalinunua. Asubuhi hiyo mwenye habari alikuwa Mitaro, nyapara wa vibarua wanne wanaozibua mitaro ya mji. Kamati ya kupitia upya mishahara na marupurupu ilikuwa imewafikia hata wao. Fomu yao ya maombi Mitaro aliijaza neno moja tu: matibabu.

KATIBA: Matibabu peke yake? Na posho ya mazingira magumu je? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, bwana!

MITARO: Nimeinama miaka kumi na tisa. Huko mvunguni kuna tope.

MAMA KAHAWA: Hawamalizi hao. Kamati inalipwa posho ya kikao. Kazi ikiisha, posho nayo imeisha. Ungekuwa wewe ungemaliza?

MIMI: Nasikia wanaanza na viti. Mwenye kiti cha kuzunguka daraja lake, mwenye cha mbao lake.

KATIBA: Na asiye na kiti?

MIMI: Huyo anapewa jua bure. Nalo ni marupurupu, litakatwa.

MAMA KAHAWA: Basi na harufu ya mtaroni wataiandika chakula cha mchana.

Tukacheka. Mitaro alikuwa anazungusha kikombe bila kunywa.

MITARO: Kimya leo siku ya tisa hajainuka. Kifua kinambana, usiku kucha anakohoa.

Kimya ni mwenzake kazini, na ndiye aliyemwoa dada yake.

KATIBA: Mbona jana nimepita kipande chake, kimezibuliwa safi kabisa?

MITARO: Tumezibua sisi. Kibarua asiyetia sahihi hahesabiwi siku. Sasa dada yangu na watoto wale nini? Namtilia sahihi, kipande chake tunagawana. Mimi nilipovunjika mkono walinifanyia hivyo hivyo. Ndivyo tulivyoikuta kazi.

KATIBA: Hapo sawa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mara hii methali ilikaa mahali pake. Nilimheshimu Mitaro moyoni, wala sikuona kosa lolote.

Ndipo binti mmoja akatoka getini na daftari kubwa kwapani.

BINTI: Shikamooni. Namtafuta nyapara wa mitaro.

MITARO: Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi.

BINTI: Baba, natoka kwenye kamati. Ombi lenu nimelitetea, nataka lipite. Ila mwenyekiti kaniuliza swali, na saa sita tunafunga maombi. Nimepekua rejista yenu hii miaka kumi na moja yote. Hakuna aliyewahi kuugua hata siku moja. Leo pia sahihi ziko nne. Sasa nikawaambie matibabu haya ni ya nani?

Nilimtazama Katiba, maana kanuni zote anazo kichwani. Akajifunika gazeti. Kumtilia mwenzako sahihi ni kufukuzwa kazi, wewe na yeye, hilo hata mimi fundi viatu nalijua. Mama Kahawa akainamisha birika, likatoa nusu kikombe na machicha.

MITARO: Nikikujibu, mwanangu, jibu utaliandika wapi?

Binti alikuwa ameshatoa kalamu. Akaitazama, akamtazama Mitaro, akafungua ukurasa wa siku ile, akaufunga. Nilimwonea huruma yeye pia. Kisha akarudi getini taratibu na daftari lake.

Mitaro akainuka. Akachukua koleo lake na koleo la Kimya, akaenda kazini.