Mzee Joackim Kagaruki: Mkaguzi Aliyeuliza Nani Anafunga Mlango Huu

Tarehe 30 Juni 2025, Mzee Joackim Kagaruki amestaafu baada ya kuutumikia Ushirika wetu wa Wakulima Tuinuane miaka thelathini na miwili na miezi mitatu. Aliingia Machi 1993 kama mpima kahawa, kijana wa Kagoma mwenye shati moja la kazi. Ametoka akiwa mkaguzi wa sola za nyumbani, na mashati hayajaongezeka sana.

Wakulima wa zamani wanamkumbuka kwenye mizani. Kila gunia lilipopandishwa, alinyanyua mikono yake yote miwili juu, kama mtu aliyekamatwa, ili mkulima aone hakuna kidole kilichoegemea. Vijana walimcheka. Wakulima walipanga foleni kwake, hata kama mizani ya pili haikuwa na mtu.

Mwaka 2011 ushirika ulipofungua kitengo cha umemejua, alipelekwa kusomea ufundi miezi sita. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na darasani walimwita Babu. Aliitika, akasoma, akafaulu. Miaka mitatu baadaye akawa mkaguzi, kazi aliyoifanya mpaka mwisho.

Kwa wasioijua kazi hiyo, naieleza kwa ufupi. Paneli na betri tunazouza kwa ajili ya nyumba zimesamehewa kodi, ndiyo maana mkulima wa kawaida anazimudu. Ili msamaha huo usiishie kwenye baa na maduka, ushirika wetu unataka mkaguzi athibitishe kwamba sola inafungwa kwenye nyumba ya kuishi, kisha aandike kwenye fomu jina la mwenye nyumba. Anayeandikwa ndiye mwenye vifaa. Inaonekana ni mstari mmoja tu wa kujaza. Sivyo.

Mwaka 2016, huko Kaagya, Mzee Joackim alikosea. Mvua ilikuwa inanyesha, naye akajaza fomu akiwa barazani kwa jirani, bila kuingia nyumba husika. Mwanamume aliyejitambulisha kuwa mwenye nyumba aliandikwa. Nyumba ilikuwa ya Ma Anatolia, mjane, na mwanamume yule alikuwa shemeji yake. Wiki tatu hazikupita, sola ikateremshwa paani ikapelekwa kwenye baa ya shemeji. Hakuna aliyeweza kumzuia, kwa sababu fomu ilikuwa na jina lake, na chini yake sahihi ya mkaguzi wetu.

Mzee Joackim alirudi Kaagya mwenyewe, akasimama mbele ya Ma Anatolia na watoto wake, akasema kosa ni lake. Hakusingizia mvua. Tangu siku hiyo alisimulia kisa hicho kwa kila mfanyakazi mpya, na mtu akimshauri aseme "mkaguzi mmoja," alijibu, "Mkaguzi huyo ana jina. Ni mimi."

Hapo ndipo lilipozaliwa swali lake. Kila nyumba aliyofika, kabla ya ngazi kuegemezwa ukutani, aliuliza: "Nani anafunga mlango huu jioni?" Kisha alimwomba huyo huyo aufunge na kuufungua, yeye akitazama.

Mimi niliajiriwa mwaka 2019 kama karani wa fomu, na mwaka huo huo nilikuwa naye Rubafu kwa Ma Alistidia. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ma Alistidia alikuwa ameweka akiba ya kahawa misimu miwili ili watoto wake watatu wapate taa. Tulipofika, tulimkuta shemeji yake, Bwana Buberwa, ameshakaa kwenye kiti cha mbele, kavaa koti.

"Andika Buberwa," alisema. "Kibanja ni cha ukoo. Mwanamke ni mpitaji."

"Kibanja nimekiona, waitu. Migomba mizuri," Mzee Joackim alimjibu kwa heshima. "Lakini mimi sifungi sola kwenye migomba. Jioni mlango huu nani anaufunga?"

"Mimi. Ni nyumba ya kaka yangu!"

"Basi naomba uufunge, halafu utufungulie."

Bwana Buberwa aliufunga kwa kishindo. Kuufungua, ukagoma. Alisukuma kwa mkono, akasukuma kwa bega, koti likashika vumbi la udongo. Watoto walianza kucheka, mama yao akawakazia macho. Mwishowe Ma Alistidia alisogea, akaunyanyua mlango kidogo kwa chini, ukafunguka wenyewe. Ulikuwa umelegea bawaba tangu mumewe akiwa hai.

"Tangu lini unafanya hivyo?" Mzee Joackim aliuliza.

"Miaka tisa."

Aliandika jina: Alistidia. Bwana Buberwa alimwambia, "Wewe mzee, kazi hiyo umeifanya leo kwa mara ya mwisho."

Na kweli ilikaribia kuwa hivyo. Barua ya malalamiko ilifika kabla ya Jumatatu, ikisema mkaguzi anavunja mila za Wahaya na kugombanisha ndugu. Mzee Joackim aliondolewa vijijini, akawekwa ghalani kuhesabu nyaya, na fomu ya Ma Alistidia ikasimamishwa. Waliomtakia mema walimshauri abadilishe jina, yaishe. Alikuwa na mtoto anayesoma chuo; kazi ikipotea, ada ingepotea. Alikaa ghalani wiki tano, hakubadilisha. Kamati ilipomwita, alisema mila anaziheshimu na yeye ni Mhaya wa Kagoma, ila hajaona mila inayotaka watoto wa marehemu wakae gizani. Akaomba kitu kimoja: waende Rubafu wakajaribu mlango.

Walikwenda. Mwenyekiti alijaribu, naye akashindwa. Wiki iliyofuata sola ilikuwa juu ya bati. Siku hizi Bwana Buberwa huchaji simu yake pale, na huketi nje akingoja kama majirani wengine.

Naandika haya kwa sababu nimesikia yanayosemwa, kwamba Mzee akiondoka fomu zijazwe hapa hapa ofisini, kuokoa petroli. Najua bei ya petroli. Najua pia uchovu, maana nimepanda vilima hivyo na mtoto mgongoni, na Mzee Joackim ndiye aliyebeba mfuko wa nepi bila kuombwa. Lakini kazi ya ukaguzi nimekabidhiwa mimi, na nasema mapema: nitakwenda.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwenzetu aliyewasha taa katika mamia ya nyumba hakuwahi kuwa na sola kwake. Alisema mkaguzi hajikagui mwenyewe, na mkaguzi mwingine hatukuwa naye. Mkewe, Ma Agnetha, alimwambia mbele yetu, "Dunia nzima unaiwashia, mimi unaniachia kibatari." Mzee alicheka, lakini hakutia sahihi.

Jumanne, tarehe mosi Julai, siku yake ya kwanza ya ustaafu, aliwasili ofisini saa mbili asubuhi, akapanga foleni kama mteja, akaleta fomu yake. Ilikuwa imejazwa vizuri kwa mwandiko ule tunaoujua. Kwenye nafasi ya mwenye nyumba alikuwa ameandika: Joackim Kagaruki.

Nilimrudishia. Nilimwambia, "Mzee wangu, nafasi hiyo haijazwi hapa. Nitakuja Kagoma Jumatano, nitamuuliza Ma Agnetha."

Aliipokea fomu, akaikunja. Kisha akavua kofia yake, akanishukuru kwa Kihaya, "Kasinge, mwanangu," akaenda zake.

Mzee Joackim, kwa niaba ya wafanyakazi na wanachama wote, asante kwa mikono uliyoinua juu ya mizani, na kwa wiki tano za ghalani. Mungu akupe miaka mingi ya kukaa nyumbani, afya njema, na taa ya kumwonea vizuri Ma Agnetha.

Violeth Kamugisha
Mkaguzi