Kiwanja cha Jalalani

Mama mwenyekiti, wanakikundi wenzangu, wakubwa zangu shikamooni, na sisi tunaolingana habari za mchana. Wa Bwana asifiwe nawasalimu, wa asalaam aleikum nawasalimu. Mmeniomba nisimulie tulivyopata nyumba, mimi mpishi wa shule na mume wangu mlinzi wa getini. Nilisita kidogo, kwa sababu habari yenyewe inanuka, na naona huko nyuma mtori umeshaanza kupakuliwa. Mwenye bakuli mkononi amalize kwanza.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Majengo, sisi wawili na watoto wetu wawili. Majengo sina neno nayo, majirani wa pale walinilelea watoto nikiwa kazini. Neno langu ni na mwenye nyumba. Choo kilikuwa kimoja kwa wapangaji wote, na masika yalipoanza kikajaa. Kikajaa mpaka yale mambo yakatoka nje, yakatambaa uani, yakafika tunapooshea vyombo. Tukamwendea kwa adabu, tukamwomba alete gari la kunyonya. Mnajua alitujibu nini? Alisema kosa ni letu, tunakula sana. Aliyasema hayo huku ameshika simu, hata hakutuangalia. Basi tukapanga matofali ya kukanyagia, tukawa tunaruka kama vyura kwenda kuchota maji. Mwanangu wa pili aliteleza siku moja akaangukia humo na sare zake za shule. Nilimwogesha mara nyingi, na bado nikimkumbatia naisikia ile harufu. Labda ilikuwa kichwani mwangu tu, sijui.

Lakini kilichotutoa pale hakikuwa choo. Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, nimepika nyama, kitu ambacho kwetu hakikuwa cha kila wiki. Mwenye nyumba akaingia chumbani bila hodi, na viatu vyake vilevile vilivyopita uani. Akafunua sufuria langu. Akasema, "Kumbe nyama mnakula. Nikipandisha kodi mnalia." Halafu, ndugu zangu, akachovya vidole, akatoa pande la nyama, akalila amesimama, akajifuta mkono kwenye pazia langu. Akatoka.

Mume wangu alikuwa amekaa kitandani. Hakuinuka, na mimi sikumlaumu, kwa sababu ukimjibu mtu kama yule, kesho vyombo vyako viko barabarani. Nilichukua lile sufuria nikawamwagia mbwa. Watoto walilia sana, walikuwa wanasubiri nyama. Nikamwambia mume wangu kwamba kwenye nyumba ya mtu huyu sizeekei.

Sasa mtaniuliza kwa nini hatukupanda juu kwao mume wangu, Kibosho, tukajenga kwenye kihamba, shamba la ukoo. Mume wangu ni mtoto wa katikati. Mnaujua mgawo wa kwetu: kaka mkubwa alipata sehemu yake, mdogo wa mwisho akabaki na nyumba ya wazazi, wa katikati wakaambiwa wana akili, watajitafutia. Hivyo tukaanza kutafuta viwanja na madalali. Jamani, sijui mnawaonaje, mimi wale watu wamenichosha roho. Mmoja alituonyesha shamba la mpunga akasema maji yatakauka yenyewe. Mwingine alitupeleka kwenye kiwanja kizuri, tukafurahi, kumbe palepale nyuma ya mgomba amesimama mwenzake na mteja mwingine anaonyeshwa kilekile. Na kote huko mshahara wa mpishi na wa mlinzi ukiuunganisha, unaishia kwenye nauli ya kwenda kuangalia.

Kiwanja tulichokipata tuliambiwa na mama mmoja muuza mchicha. Kilikuwa pembezoni mwa Rau, na bei yake ilikuwa chini mno. Mwenyewe alikuwa mzee, na namshukuru mpaka leo kwa sababu hakutudanganya. Alitusimamisha mbali kidogo akasema, "Wanangu, mimi siwafichi. Hapa wanatupa taka. Ndiyo maana bei iko hivi. Nendeni mkaone kwanza, mkiweza kurudi tutaongea."

Tukaenda kuona. Nusu ya kiwanja ilikuwa ardhi nzuri, ngumu. Nusu ilikuwa shimo, lilichimbwa udongo wa matofali zamani, na watu walilijaza. Niwaambie lilijaa nini? Manyoya ya kuku na matumbo yake, yametupwa yakiwa mabichi. Pampasi za watoto. Maparachichi yaliyooza yakawa uji mweusi. Mbwa aliyekufa, amefungwa kwenye kiroba, na kiroba kimepasuka. Na juu ya hayo yote nzi, nzi wakubwa wa kijani, wanatoka kwenye matumbo wanakuja kukutua mdomoni. Mume wangu alikwenda pembeni akatapika. Mimi nilibana pua, nikasimama kwenye ile nusu nzuri, nikageuka. Mlima ulikuwa umefunguka siku hiyo, hauna wingu. Nikamwambia mume wangu kwamba mbwa huzikwa, nyumba tutaipata wapi?

Tulinunua. Akiba yetu ya hapa kikundini ilikuwepo, na mama mkwe wangu aliuza ndama wake, ng'ombe wake wa pekee akabaki bila mtoto. Mwenyekiti wa mtaa akashuhudia mauziano. Wifi yangu alipopaona alisema hata yeye akifa tusimpitishe hapo.

Kazi ikaanza. Kila Jumamosi tulikwenda, vikavu tunachoma, vibichi tunachimbia. Nilifunga kanga puani, nikapaka na mafuta ya mchaichai, haikusaidia kitu. Ile harufu iliingia kwenye nywele, ikaingia kwenye kucha. Jikoni shuleni wenzangu walianza kunisogeza. Nikienda kukoroga uji ananiwahi mtu, anasema pumzika mama, kata tu kuni huko nje. Nilielewa. Mwanangu mkubwa akaniomba nisiende kumchukua shuleni.

Hayo yote nilikuwa nayavumilia, kwa sababu nilijua yana mwisho. Kilichonitia kinyaa, kinyaa kile cha kweli, ni hiki: tulisafisha Jumamosi, na Jumamosi inayofuata tulikuta mzigo mpya. Matumbo ya kuku mabichi kabisa, yamemwagwa palepale tulipofagia. Tukaweka nguzo na miiba, wakaing'oa. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akatuambia tuwe na subira, watu wamepazoea. Kupazoea! Mimi nilidhani ni watu wa hali ya chini kama sisi, wasio na pa kutupa. Nikasema moyoni, hao nitawasamehe.

Basi Jumamosi moja tuliwahi kuliko kawaida, kumekucha tu. Tukakuta pikapu imerudi kinyumenyume mpaka ukingoni mwa shimo, mwanamume yuko nyuma anashusha viroba vya manyoya. Na mwenye mali amekaa mbele. Ni mtu ninayemfahamu. Ana nyumba ya ukuta na geti jeusi mtaa wa pili, anafuga kuku wa nyama. Kanisani hukaa viti vya mbele, na kwenye michango jina lake husomwa kwanza. Amekaa ndani ya gari, vioo vyote juu, ameziba pua kwa leso. Ndugu zangu, mtu amejifungia asinuse uchafu wake mwenyewe, uchafu ambao ananiletea mimi nilale nao.

Nikagonga kioo. Akakishusha kidogo, nafasi ya kupitisha sauti. Nikamwamkia, shikamoo, kwa sababu nililelewa. Nikamwambia mzee, hapa ni kwangu, tumepanunua, tunataka kujenga. Akashangaa kweli kweli. Akasema, "Hapa? Hapa ataishi mtu?" Nikamwambia ndiyo, mimi na wanangu. Akafikiri, akasema basi tukishajenga yeye ataacha. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akapenyeza noti kwenye ule upenyo wa kioo. "Chukua mama, mkanywe soda."

Sikuipokea. Ilidondoka chini, kwenye manyoya, na gari likaondoka. Nilikaa juu ya jiwe nikainama. Mume wangu alidhani nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimejawa na kinyaa, na safari hii hakikuwa cha matumbo ya kuku. Nilimuona yule mwenye nyumba wa Majengo na vidole vyake kwenye sufuria langu, nikaona ni mtu mmoja na huyu, kabadilisha shati tu.

Wiki hiyo nilikuja kikundini nikakaa pale mlangoni, mbali na nyie, mtakumbuka. Bibi yetu mmoja, yupo hapa na hataki atajwe, akaniuliza kwa nini najitenga kama mgonjwa. Nikamwambia nanuka. Akaniambia nisogee. Nikasimulia yote, mpaka noti. Mimi nilitegemea kuambiwa pole na nimwachie Mungu. Bibi akauliza kitu kimoja tu: "Huo mzigo wake wa Jumamosi mmeshauzika?" Nikasema bado, tulishindwa hata kuugusa. Akasema, "Msiuzike. Si wenu."

Jumamosi mlikuja. Mlikuja na majembe, na beleshi, na mkokoteni wa yule ndugu anayebeba mikungu ya ndizi sokoni. Mkapakia vile viroba, vimeshakaa juani wiki nzima, vinatoa funza. Sitasahau wale akina mama waliokuwa wamevaa vitenge vizuri vya kwendea harusini jioni ile, na bado wakashika. Tukausukuma mkokoteni barabarani mchana kweupe. Watu wakatoka madukani, wakatuuliza tunapeleka wapi, tukajibu tunarudisha mali ya mtu. Walipofahamu, wengine wakatufuata.

Tulipofika kwenye lile geti jeusi sikupiga kelele. Nilibisha hodi. Akatoka mke wake. Mama mstaarabu, mikono yake ina unga, alikuwa anapika. Nikamsalimia nikamwambia, "Mama, tumemletea mzee mzigo wake, aliusahau kwangu." Akaangalia viroba, akaziba pua. Akaita ndani. Mzee alifika mpaka kibarazani, akatuona, akamwona na mwenyekiti wa mtaa ambaye alikuwa amekuja mbio kutuliza mambo. Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hivyo tu. Mtu wa viti vya mbele.

Tukabaki na yule mama. Akaniuliza ninaishi wapi, nikamwonyesha kwa mkono. Akasema, "Mimi sikujua hizi taka zinakwenda wapi. Nilikuwa naona tu zinaondoka."

Kisha alijifunga kanga kiunoni, akachukua beleshi mkononi mwa mmoja wetu, akaanza kuchimba shimo ndani ya ua wake, karibu na maua. Alichimba yeye mwenyewe. Baadaye akina mama wawili wakaingia kumsaidia, mimi nilibaki nje. Sikuwa tayari, na sitaki kujifanya nilikuwa tayari.

Tangu siku ile hakuna kiroba kilichorudi kwangu. Si cha kwake, wala cha wengine, kwa sababu Rau yote ilisikia, na kila mwenye geti alianza kuogopa hodi. Mwenyekiti wa mtaa naye akapata nguvu ghafla, akaweka utaratibu wa gari la taka.

Tukajenga. Fundi alituambia tusiguse upande wa shimo, msingi tuuweke kwenye ile nusu ngumu, tuunyanyue kwa mawe. Tulitangulia kujenga choo, kabla hata ya chumba. Mafundi walicheka, nikawaacha wacheke. Mabati ni mkopo wa hapa, na tumeurudisha. Tulihamia vyumba viwili, havina dari, mlango wa mbele ni bati lililopigiliwa mbao. Usiku wa kwanza watoto walikimbia kutoka chumba kimoja kwenda kingine, kwa sababu tu kilikuwepo cha pili.

Sitawadanganya kwamba mambo yote ni mazuri. Mvua ikinyesha kisha jua likiwaka, upande wa shimo bado hutoa harufu, na vipande vya chupa hupanda juu, watoto hawaruhusiwi kwenda peku. Tumepanda migomba pale, na imenawiri sana. Wifi yangu amekuja kuomba machipukizi, nikampa. Yule mzee kanisani ananisalimia kwa mikono miwili. Naitikia. Kisha nikifika nyumbani nanawa.

Namshukuru mama mkwe na ndama wake. Namshukuru mzee aliyetuuzia kwa kusema ukweli. Nawashukuru nyie mlioshika funza kwa mikono yenu kwa ajili yangu, nami sikuwa ndugu wa damu wa yeyote hapa. Mungu awalipe, maana mimi siwezi.

Na neno langu ni hili. Wengi mtaambiwa mzoee. Chumba kinavuja, mzoee. Choo kimefurika, mzoee. Mtu anakumwagia uchafu mlangoni, watu wamepazoea. Nawaambia msizoee. Siku nyingi tuliishiwa fedha, na siku nyingine tuliishiwa nguvu, lakini kile kinyaa hakikuniishia, nacho ndicho kilichokuwa kinaniamsha Jumamosi. Na wewe mwenzangu unayetafuta kiwanja kwa mshahara mdogo, usiende na dalali peke yako. Nipitie, twende wote. Nitasimama katikati ya hicho kiwanja nivute pumzi, na nitakwambia ukweli.