Sitara, Aliyetusomea Huku Tukimshonea Kola

Ignasi, zima kwanza hiyo redio. Umekuwa msimamizi juzi tu, karakana ilipouzwa, na tayari umeandika kwenye ratiba ya sherehe kwamba Sitara ni "mshonaji mwenye nidhamu", basi. Mstari mmoja kwa miaka ishirini na sita. Huoni haya?

Sitara aliingia karakana yetu ya sare hapa mtaa wa Gerezani mwaka 1969. Anastaafu Ijumaa hii, Juni 30, 1995. Kushona alishona, ingawa mifuko yake ilienda upande hadi mteja mmoja akauliza kama tunamshonea mtu au kaa.

Kazi yake hasa ilikuwa kutusomea. Baba yake alitoka Kabul, akamfundisha lugha ya kwao, na binamu zake waliokimbia vita huko wakawa wanamletea vitabu vilivyoandikwa na wanawake wenzao. Yeye anasoma, anatugeuzia kwa Kiswahili; sisi kila mmoja anamshonea kola moja, hesabu yake ya siku itimie.

Siku moja alisoma habari za mwanamke ambaye mumewe alipotelea vitani. Kila Ijumaa anafua shati la mume, analianika uani, majirani wadhani nyumba ina mwanamume. Sitara akatuonea huruma, akamaliza kwa kusema mume kabisha hodi.

Theopista akasimamisha cherehani. "Dada, harudi huyo. Soma kilichoandikwa."

Sitara akarudia. Mume hakurudi. Shati likachakaa kwenye kamba. Ndipo Theopista akatuambia kuwa na la kwake bado linaanikwa nyumbani kwake mtaa wa Jangwani, la Aristides, aliyekwenda vita vya Kagera. Tulikaa naye miaka kumi bila kujua jina la mumewe. Sisi hodari wa umbea, hilo hatukuuliza. Kesho yake alilileta, tukalikata, tukamshonea mjukuu wake.

Sasa Ignasi anasema vita vya Waafghani havituhusu, redio inatosha. Akamwambie Theopista, si mimi.

Sitara, asante. Kapumzike Buguruni, miguu imekanyaga cherehani vya kutosha. Uishi kwa raha, na nguo za wajukuu wape mafundi wengine.

Ummy, wewe mdogo wetu hapa karakana, umefika kidato cha nne na unachosoma ni vibandiko vya mitumba. Sitara amekuachia hadithi zilizobaki, kaziandika kwa Kiswahili. Jumatatu kalia kiti chake. Kola zako tutashona. Na usimrudishe mume wa mtu ambaye hajarudi.